Kutoka mekatroniki hadi rigi zinazojiendesha: jibu kwa msomaji wa Kasarani

Swali: "Habari za kazi, Injinia. Niko mwaka wa mwisho wa mekatroniki na naishi Kasarani. Nimevutiwa sana na utafiti wa kuchimba visima vya mafuta na gesi kwa mitambo inayojiendesha. Kazi hiyo ipo kweli? Nikimaliza, nisomee uhandisi wa petroli? Naweza kuifanya nikiwa hapa Nairobi? Baba anasema mafuta yanaelekea mwisho na kwamba nitasomea kitu kitakachokufa kabla sijazeeka."

Binti yangu, kazi hiyo ipo, na mtu anayekijua kisima na pia anazijua hesabu za udhibiti bado ni adimu, hata kwenye nchi zenye visima vingi. Nitaanza na kazi yenyewe, kwa sababu watu wengi wakisikia habari za rigi (mtambo wa kuchimba visima) inayojiendesha hufikiria roboti inayobeba mabomba. Roboti zipo, ila ugumu mkubwa uko chini, mahali jicho halifiki.

Chukua kisima cha mita 3,000. Juu kuna mota inayozungusha mabomba ya chuma ya inchi tano, na chini kabisa kuna biti inayosaga mwamba. Mota ikibadilisha mwendo, habari hiyo hushuka ndani ya chuma kwa kasi ya karibu mita 3,200 kwa sekunde. Biti huipata baada ya sekunde moja hivi, na jibu lake huchukua sekunde nyingine kupanda. Tena, mabomba marefu kiasi hicho si imara kama yanavyoonekana yakiwa yamelazwa uwanjani. Ukiyapa msokoto wa nyutonimita 10,000, yatajisokota mizunguko mitano hivi kati ya juu na chini. Kwa hiyo mota inaweza kuwa inazunguka sawasawa, mizunguko 100 kwa dakika, na biti imekwama kabisa. Msokoto unajikusanya, biti inafyatuka, inazunguka kwa kasi mara mbili na zaidi ya ile ya juu, halafu inakwama tena. Dirila, yaani mchimbaji anayeiendesha rigi, kwenye kibanda chake anaona tu sindano ya msokoto ikipanda na kushuka. Tabia hiyo ya kukwama na kufyatuka huvunja meno ya biti na kuchosha mabomba mpaka yakatike.

Mwaka 1988 watafiti Halsey, Kyllingstad na Kylling walionyesha kwamba ugonjwa huo unatibika kwa kubadilisha namna mota ya juu inavyodhibitiwa. Badala ya kuilazimisha ishike kasi ileile kwa nguvu zote, unaiacha ipunguze kasi kidogo msokoto unapopanda, ili wimbi linalotoka chini limezwe badala ya kurudishwa lilikotoka. Leo vidhibiti vya aina hiyo viko kwenye rigi nyingi, na bado watu wanaandika tasnifu juu yake, maana urefu wa mabomba hubadilika kila saa, msuguano hubadilika kila mwamba, na kisima kikipinda mambo huharibika upya. Sasa tazama: wimbi, ucheleweshaji, msuguano usio mstari, kidhibiti kinachoona upande mmoja tu. Hayo yote ni ya darasa lako la udhibiti, na hakuna hata moja linalohitaji ujue bei ya pipa la mafuta.

Jambo la pili nataka ulielewe kwa undani, kwa sababu ndilo linalowaangusha vijana wazuri wa programu. Namba za rigi hudanganya.

Dirila akikwambia ameweka tani kumi juu ya biti, ujue hakuna mzani uliokaa kwenye biti. Kuna kihisi kwenye waya unaoning'iniza mabomba yote mnarani. Dirila huinua biti kidogo kutoka chini ya kisima, husoma uzito wa mabomba yakining'inia, hubonyeza kitufe cha sifuri, kisha hushusha. Uzito unaopungua kwenye waya ndio unaohesabiwa kuwa umeikalia biti. Basi akibonyeza sifuri wakati pampu za tope, yaani kimiminika kizito kinachozungushwa kisimani, zimezimwa, au mabomba yamesimama na yanasuguana na ukuta wa kisima kilichopinda, sifuri hiyo si sifuri, na kila namba itakayofuata mpaka atakapoiweka upya imepotoka. Nimewahi kuona modeli ya kompyuta, yenye hesabu za kupendeza, iliyokuwa imejifunza tabia ya madirila wawili wa zamu tofauti na kuamini kwamba imejifunza aina mbili za mwamba. Aliyeitengeneza alikuwa hajawahi kusimama kwenye sakafu ya rigi. Ndiyo maana, kabla ya yote, nakusihi uende ukasimame pale na uangalie kitufe hicho kikibonyezwa.

Kuna pia utafiti wa shinikizo, yaani kupima na kurekebisha uzito wa safu ya tope ili gesi isiingie kisimani na mwamba usipasuke. Huo ni ulimwengu mzima, na makundi kadhaa ya Norway yamejijengea jina humo. Nitausogelea kupitia jambo moja tu. Unapochomoa mabomba kutoka mita 3,000, hutoka kwa mafungu ya matatu matatu, kila fungu mita 27 au 28, kwa hiyo unafungua maungio zaidi ya mia moja, na kuyafunga tena ukirudi. Ukivuta haraka mno, biti hunyonya na kupunguza shinikizo chini yake. Ukishusha haraka mno, unalisukuma tope kwenye mwamba. Programu inayomzuia dirila kuvuka kasi salama kwa kila mita ni kitu kidogo kwa macho, na inafanya kazi kwenye rigi halisi leo. Nadhani imeokoa visima vingi kuliko roboti yoyote.

Kuhusu roboti, mwaka 2021 kampuni ya Nabors, ikiichimbia ExxonMobil kwenye bonde la Permian huko Marekani, ilichimba kisima kwa rigi ambayo mashine zake hushika na kuunganisha mabomba bila mtu kwenye sakafu. Hilo ni jema sana. Sakafu ya rigi hula vidole na mikono ya watu, na anayefanya utafiti wa kuwaondoa watu pale anafanya kazi ya heshima.

Lakini otomatiki haimalizi habari ya binadamu. Tarehe 20 Aprili 2010, kwenye kisima cha Macondo katika Ghuba ya Meksiko, wafanyakazi wa rigi ya baharini ya Deepwater Horizon walifanya kipimo cha kuhakikisha kisima kimezibika. Bomba la kuchimbia lilionyesha shinikizo la karibu psi 1,400, na laini ya pembeni ikaonyesha sifuri. Namba hizo mbili hazikupaswa kutofautiana. Zikatafutiwa maelezo, kazi ikaendelea, na watu 11 wakafa. Vihisi vilikuwa vimesema. Kilichokosekana ni mfumo wa kuwashikilia watu wasivuke kipimo ambacho hakijaeleweka. Kuna watafiti ambao kazi yao yote ni hiyo: mashine imwambie nini dirila, lini, na kwa namna gani, ili asiizoee kengele mpaka akaacha kuisikia. Kama una moyo wa saikolojia pembeni ya hesabu, hapo pana nafasi, na wanaoshindania ni wachache.

Sasa, kama usomee petroli. Kwa maoni yangu, la. Baki na mekatroniki na uongeze udhibiti wa mifumo isiyo mstari, ukadiriaji wa hali zisizopimika, mitetemo, na mwendo wa vimiminika. Uhandisi wa kuchimba utajifunza kazini na kwenye kozi mbili tatu za shahada ya uzamili. Kinyume chake ni kigumu zaidi, maana mtu aliyesomea hifadhi za mafuta hupata taabu kubwa kurudi kuanza hesabu za udhibiti akiwa na miaka thelathini. Usisahau pia kujiandikisha kwa Engineers Board of Kenya kama mhandisi mhitimu mara tu ukimaliza, hata kama nia yako ni utafiti. Utalihitaji jina hilo siku utakayotaka kukubaliwa kwenye eneo la kazi.

Swali lako la Nairobi ndilo lililonifanya nijibu kwa urefu hivi. Maabara kubwa za fani hii haziko hapa. Ziko Stavanger, ambako taasisi ya NORCE ina rigi nzima ya majaribio iitwayo Ullrigg, na Chuo Kikuu cha Stavanger kiko jirani. Ziko chuo kikuu cha NTNU kule Trondheim, Norway, Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Texas A&M, chuo kikuu cha Clausthal kule Ujerumani, na kwa upande wa mitetemo, kile cha Eindhoven nchini Uholanzi. Ukitaka uzamivu katika jambo hili, kwa sasa utasafiri. Nikikwambia vingine nitakuwa nakupotosha.

Hata hivyo, umekaa mwendo wa saa mbili hivi kutoka kwenye visima ambavyo watafiti wengi wa Stavanger hawajawahi kuvigusa. Olkaria, karibu na Naivasha nyuma ya Hell's Gate, kisima cha mvuke wa jotoardhi hushuka karibu mita 3,000 kwa rigi ya aina ileile inayochimba mafuta, yenye mota, tope, waya na kitufe cha sifuri. KenGen na GDC, kampuni za serikali za umeme na jotoardhi, wana rigi zao wenyewe na madirila wao wenyewe, Wakenya, na timu za KenGen zimeshachimba Ethiopia na Djibouti. Chini kule joto hupita nyuzi 300 za Selsiasi. Vifaa vingi vya kawaida vya kupimia chini ya kisima cha mafuta vimetengenezwa kwa nyuzi 150 hadi 175. Zaidi ya hapo, miamba yetu ya volkano imejaa nyufa zinazomeza tope, hivyo wachimbaji huchanganya maji na hewa au povu. Vifaa vya chini kwa kawaida huongea na juu kwa mapigo ya shinikizo yanayopanda ndani ya kimiminika, na hata mambo yakienda vizuri hupitisha biti chache tu za data hadi makumi kwa sekunde. Ukitia hewa kwenye safu hiyo, mapigo yanafifia. Matokeo yake, sehemu kubwa ya kisima cha mvuke huchimbwa kwa kutegemea vihisi vya juu peke yake.

Mtu wa mafuta aliyezoea vipimo vya chini huona huo ni umaskini wa vifaa. Mimi naona ndilo swali bora la utafiti lililo karibu nawe: kukadiria kinachotendeka kwenye biti kwa kusoma juu tu, kwenye mwamba mgumu, moto na wenye nyufa, na kumwonya dirila kabla mabomba hayajakwama. Kule Menengai, karibu na Nakuru, baadhi ya visima vilifika kwenye mwamba ulioyeyuka kwenye kina cha zaidi kidogo ya mita 2,000, na vipande vya kioo kibichi vya volkano vikatoka na maji. Mfumo unaoweza kutambua mabadiliko ya namna hiyo mapema, kwa vihisi vya juu, utasikilizwa Houston na Stavanger pia, kwa sababu visima vyao vya mafuta navyo vinazidi kuwa vya moto.

Biashara hii ya kubadilishana ujuzi imeshaanza. Mwaka 1965 mtafiti Teale alieleza kipimo cha nishati inayotumika kusaga ujazo mmoja wa mwamba: kikipanda na mwamba haujabadilika, kuna nguvu inayopotea mahali fulani. Injinia Fred Dupriest alikifanya kiwe zana ya kila siku ya madirila wa ExxonMobil, na baadaye, akiwa Texas A&M, yeye na wenzake wakakipeleka kwenye mradi wa jotoardhi wa Utah FORGE. Kwenye granaiti ya moto kasi ya kuchimba ilipanda sana, kwa biti ambazo wengi waliamini hazifai kwa mwamba huo. Data za kuchimba za Utah FORGE ziko wazi kwa umma. Pakua.

Basi kwa baba. Hajakosea kuwa na wasiwasi. Kisima cha Ngamia-1 kilipotoa mafuta Turkana mwaka 2012 tuliambiwa mengi. Mwaka 2019 meli moja ya mapipa kama 200,000 iliondoka Mombasa. Mwaka 2025 kampuni ya mafuta ya Tullow wakakubali kuuza mali yao ya Kenya kwa Gulf Energy. Mtu akipanga maisha ya binti yake juu ya mafuta ya Lokichar, kule Turkana, peke yake, atakuwa anacheza kamari. Uganda kuna kazi zaidi, maana mradi wa mafuta wa Tilenga peke yake umepangiwa visima zaidi ya 400. Ila mweleze kwamba kisima ni kisima. Karibu asilimia 40 ya umeme wa Kenya hutoka kwenye mvuke, na kila megawati yake ilianza na rigi. Norway wamekuwa wakisukuma gesi ya kaboni chini ya bahari pale Sleipner, eneo lao la gesi, tangu 1996, nako lazima uchimbe. Ujuzi wa kuituliza biti iliyo kilomita tatu chini ya miguu yako hauulizi kitakachotoka ni nini. Kama ungeniambia unataka kusomea uchumi wa mafuta, ningemuunga baba mkono.

Tuje kwenye mwaka huu, maana mradi wako wa mwisho bado haujafungwa, na hapo ndipo una nguvu kuliko unavyodhani.

Tengeneza kisima chako cha mezani. Nunua mota ya DC yenye enkoda, yaani kihisi cha mzunguko, kule Luthuli. Mpe fundi wa Kariobangi Light Industries akukatie diski ya chuma ya kilo tatu hivi, upana wa sentimita 20. Unganisha mota na diski kwa fimbo ya chuma ya milimita tatu, urefu wa mita moja na nusu, ikisimama wima ndani ya fremu, na uhakikishe beringi za chini zimenyooka, la sivyo utapima kuyumba kwa fimbo badala ya msokoto. Weka pedi za breki za bodaboda zibane diski, na enkoda ya pili chini. Zungusha polepole. Diski itakwama na kufyatuka mbele ya macho yako, kwa mpigo wa zaidi kidogo ya sekunde moja. Rekodi. Kisha andika kidhibiti kitakachoituliza kwa kutumia vipimo vya juu tu, na enkoda ya chini ibaki kuwa shahidi. Ukifanikiwa, badilisha nguvu ya breki ghafla uone kama kinastahimili. Hakitastahimili mara ya kwanza, na sababu ya kushindwa kwake itakuwa sura bora ya ripoti yako.

Sambamba na hilo, chukua data za Volve, eneo la mafuta la Bahari ya Kaskazini ambalo Equinor walilifungua kwa umma mwaka 2018. Ndani yake kuna rekodi za kuchimba za wakati halisi. Usikimbilie kufundisha modeli. Kaa na kisima kimoja, tafuta kila mahali sifuri ya uzito ilipowekwa, na uandike ni wapi huiamini. Ipo pia OpenLab, kiigizi cha kuchimba cha NORCE kinachoingiwa kwa mtandao na kuendeshwa kwa Python au MATLAB. Na kuna mashindano ya wanafunzi ya Drillbotics, chini ya kitengo cha otomatiki ya kuchimba cha jumuiya ya wahandisi wa petroli, SPE. Timu hujenga rigi ndogo inayochimba mwamba bila mkono wa mtu, au huiunda yote ndani ya kompyuta. Wa kompyuta hahitaji kusafirisha chuma, na kwa timu ya Nairobi mimi ningeanzia hapo. Ukipenda kuchimba kweli, mawe ya Ndarugo ni laini na yanapatikana kila eneo la ujenzi.

Omba nafasi ya mafunzo kazini, atachimenti, KenGen au GDC, na useme wazi kwenye barua kwamba unataka rigi, si ofisi. Watakushangaa kidogo. Ukifika, wasalimu madirila kwa heshima, keti nao zamu ya usiku, na uulize ni kengele gani wameizima na kwa nini. Nikitaka kujua kama utafiti una maana, swali hilo ndilo huwa naanza nalo.

Mwisho, fedha. Tangu mwaka 2023 Norway hutoza ada za uzamili kwa wanafunzi wa nje ya Ulaya, na ada hizo ni nzito, kwa hiyo usiende bila ufadhili. Uzamivu ni habari nyingine kabisa: Norway na Uholanzi, mtafiti wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa mwenye mshahara, miaka mitatu hadi minne. Njia ambayo ningeichagua kwa mtu wa hali yako ni uzamili hapa nyumbani, Dedan Kimathi kule Nyeri wakiwa na taasisi yao ya jotoardhi au chuo chako mwenyewe, ukitumia data za visima vya mvuke, kisha uombe uzamivu wa kulipwa. Mafunzo ya jotoardhi ya GRÓ kule Iceland yamesomesha Wakenya wengi, lakini huwezi kuyaomba ukiwa peke yako. Mwajiri ndiye anayekupendekeza. Hiyo ni sababu nyingine ya kuingia Naivasha mapema.

Ukimwandikia profesa, usimtumie barua ya kurasa mbili yenye ndoto zako. Mwandikie mistari kumi. Taja makala yake moja uliyoisoma hadi mwisho, mweleze mahali ambapo dhana yake moja haitashika kwenye kisima cha nyuzi 300 kinachochimbwa kwa povu, na uambatanishe grafu ya diski yako kabla na baada ya kidhibiti, jira ya muda ikiwa na vipimo vyake.